Gamjatang si supu ya viazi, mkuu. Futa hiyo oda

Acha kwanza. Umeandika kwamba Jumamosi unawapeleka wazee wako waliotoka Tanga na watoto wawili mgahawa wa Kikorea hapa Seoul, na tayari umeshapanga: gamjatang kwa mama "kwa kuwa gamja ni viazi na tumbo lake halitaki makuu", budae jjigae (jjigae ni mchuzi mzito wa Kikorea) kwa watoto "kwa kuwa ina tambi na soseji". Nimesoma nikatokwa na jasho. Meza yako nzima ni kitimoto, mkuu. Chungu cha kwanza kitimoto, cha pili kitimoto, na mama yako umesema hapitwi na Alhamisi wala Jumatatu bila kufunga.

Gamja ni kiazi, sikatai. Tang ni supu, sikatai. Lakini ukiziunganisha unaletewa mlima wa pingili za uti wa mgongo wa nguruwe, mchuzi mwekundu wa pilipili, na viazi viwili vitatu vimejificha chini kama mashahidi wa uongo. Wakorea wenyewe wanabishana kama jina linatokana na viazi au na huo mfupa. Wabishane tu, mimi nimeshalipia.

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kutulelea mtoto mchanga. Siku ya arobaini nikasema tutoke, tule kitu cha moto, baridi ya Januari hii. Nikamuuliza jamaa mmoja wa chuoni, mwaka wake wa nne Korea, anayewaelekeza wageni kana kwamba mto Han aliuchimba yeye. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Gamjatang, kaka. Supu ya viazi tu, wazee wanaipenda." Simu yangu nayo ikatafsiri vilevile. Mimi na cheti changu cha TOPIK, ule mtihani wa lugha ya Kikorea, daraja la 2, nikaona nimemaliza kazi, nikaagiza chungu kikubwa cha kupikia pale pale mezani. Zaidi ya won elfu 40, pesa ya huku. Cheko zenu nazisikia, endeleeni.

Mama mkwe alisema bismillahi, akanywa mchuzi. Vijiko vitatu, nilihesabu baadaye usiku nikiwa sina usingizi. Halafu akatoa pingili moja, akaigeuza kwenye sahani. Huyu ni mtu aliyepika harusi na hitima miaka thelathini. Akamgeukia mke wangu, "Kwa mbuzi hii nene, kwa ng'ombe ndogo. Mwulize mumeo, mnyama gani huyu?"

Nikamwita mhudumu. Huku mama wa makamo anayehudumia unamwita imo, yaani mama mdogo, na kweli alikuja na tabasamu la mama mdogo. Nikajikanyaga na Kikorea changu, hakunielewa. Mwisho akasukuma ncha ya pua yake juu kwa kidole, akasema "kkul-kkul".

Hiyo haihitaji TOPIK.

Tulirudi nyumbani kimya. Mama mkwe akataka mikono ya wote ioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Tunakaa ghorofa ya kumi na moja! Udongo nilikwenda kuuchota usiku kwenye chungu cha maua cha jirani, kwa kijiko cha uji cha mtoto. Tangu siku ile mpaka anapanda ndege hakusema nami moja kwa moja. "Mwambie mumeo maji yamechemka." Na mimi nipo hapo hapo, nimeshika birika.

Na wewe jamaa wa "viazi tu", najua umo humu unasoma. Miaka minne! Hujawahi kuuliza ule mfupa ni wa nani?

Kwa hiyo mkuu, jina la supu achana nalo. Uliza mchuzi umetoka wapi. Mchuzi wa msingi wanauita yuksu. Simama mlangoni, kabla hamjavua makoti, useme: "Dwaejigogi deureogayo?", yaani nguruwe anaingia humu? Mlangoni, narudia, kwa sababu ukishakaa vinashuka vile visahani vya kimchi, kabichi iliyochachushwa, na mboga, vya bure na vya kuongezewa, na aibu ya Kiswahili haitakuruhusu kuinuka. Jina halikusaidii hata kidogo. Sundubu jjigae ni tofu laini kama uji, unasema hapa nimepona, kijiko cha tatu unakutana na nyama ya kusaga. Kimchi jjigae mara nyingi ni nguruwe. Hiyo budae yako ilianza na makopo na soseji za kambi za Wamarekani baada ya vita vya 1950 hadi 1953, na nyama ya makopo yale unaijua. Doenjang jjigae kwa kawaida mchuzi wake ni wa dagaa, naam, dagaa hawa hawa, lakini wapo wanaotupia kipande cha nguruwe. Seolleongtang ni mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka mchuzi ukawa mweupe kama maziwa, chumvi unajitilia mwenyewe. Mzee aliyezoea makongoro ataipenda, ila hapo swali la nani kachinja bado liko palepale.

Sisi sasa tunakwenda mtaa wa Itaewon, hapa hapa Seoul, karibu na ule Msikiti Mkuu wa 1976. Ipo migahawa ya Kikorea yenye halali, unapata samgyetang, kuku mzima katiwa wali tumboni na mzizi wa ginseng, pilipili hakuna. Hata huko nauliza.

Ulitaka pia bei na nini sijui kuhusu viti vya watoto, wengine watakujibu. Bakshishi haitolewi, hilo nina hakika.

Idi iliyopita tulipiga simu Tanga. Mama mkwe akaomba nipewe mimi simu, mara ya kwanza tangu aondoke. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Leo mmekula viazi, mwanangu?"