Mkuu, hiyo chupa ya mafuta iweke chini kwanza

Nimesoma ulichoandika nikatamani ningekuwa na namba yako nikupigie. Sikio la kushoto limezimika tangu ulipoamka Jumapili, linavuma, haliumi. Muuza dawa kasema nta. Mjomba wako anapasha mafuta, na wewe unasubiri mshahara utoke ndipo uende hospitali. Halafu umeuliza na la mwanao anayekoroma usiku, na mafua yako ya vumbi la Dodoma. Hayo yasubiri, kwanza sikio.

Hospitali unaenda leo. Si mwisho wa mwezi, leo.

Njia hiyo nimeipita, na sikio langu la kulia siku hizi kazi yake ni kushikilia barakoa. Nilikuwa Kizota kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikapokea simu upande wa kulia, kimya. Nikatukana mtandao. Nikahamishia kushoto, kumbe mtu yuko hewani anaongea kama kawaida. Nikajisemea ni kelele za mashine, kesho litafunguka.

Halikufunguka, nikaenda duka la dawa. Duka silitaji, ila yule kijana kama yumo humu ndani ajue namsema yeye. Hakunyanyuka kwenye kiti. Hakuwa na taa ya kuchungulia. Aliniuliza swali moja tu, "Linauma?" Nikasema hapana. "Nta hiyo kaka, upepo wa kipindi hiki unajaza vumbi." Akanipa matone. Matone yakaisha, jirani akaja na mafuta ya alizeti ya vuguvugu, anaapa yalimponya shemeji yake. Nikajaza. Baadaye zahanati fulani wakaniambia mafua yamepanda sikioni, nikameza antibayotiki. Watu wote hao wamenitibu sikio na hakuna hata mmoja aliyeliangalia ndani! Fundi pikipiki tu hawezi kukubadilishia plagi bila kuifungua.

Nimekuja kufika kwa daktari wa masikio, pua na koo zaidi ya mwezi umepita, tena kwa sababu bodaboda alikaribia kunilaza pale Jamatini. Honi niliisikia, sikujua inatokea wapi. Daktari akamulika, akasema sikio safi, ngoma ya sikio haijatoboka, nta hakuna. Akachukua ule uma wa chuma wa kupimia usikivu, akaugonga, akauweka katikati ya paji la uso. Sauti yote ikaenda kushoto, kwenye sikio zima. Akanyamaza kidogo, akanipeleka kwenye kile chumba cha kupimia usikivu. Tatizo liko ndani, kwenye koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti, na mshipa wa fahamu. Mafuta yangefika huko kwa basi gani?

Alivyonieleza ni hivi: usikivu ukiporomoka ghafla ndani ya siku 3 bila sababu inayoonekana, hiyo ni dharura. Mara nyingi ni sikio moja, na wengi chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo. Dawa yake kubwa ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini, mara nyingi vidonge vya prednisolone, na nafasi nzuri ya kupona iko ndani ya wiki 2 za mwanzo. Ukichelewa kuna sindano ya kupitia ngoma ya sikio, lakini nayo ikishapita kama wiki 6 tangu sikio lizime matumaini ni madogo. Mimi wiki zangu nilizimalizia kwa jirani. Na usikimbilie kujinunulia prednisolone. Inapandisha sukari na presha, kwa hiyo kama una kisukari, presha, vidonda vya tumbo au umewahi kuugua TB, mwambie daktari kabla hajaandika.

Sasa utaniambia shemeji wa jirani alipona kweli. Ndiyo, huenda. Wapo ambao usikivu hurudi wenyewe bila dawa yoyote, na wengine kweli ilikuwa nta. Mafuta yakajichukulia sifa. Wale ambao halikurudi hawapiti mtaani wakitangaza, maana hata wakiitwa hawasikii.

Kuna jambo la kujaribu sasa hivi ukiwa unasoma. Funga mdomo, guna "mmmm" kwa sauti nzito. Mgumo ukiegemea upande ulioziba, yawezekana ni nta au maji. Ukikimbilia upande mzima, shuku mshipa. Hata ukipata jibu la kwanza bado unaenda, maana hujui kama ngoma imetoboka, na kumimina kitu kwenye ngoma iliyotoboka ni balaa jingine. Sheria yangu ni hiyo tu: hakiingii kitu sikioni mpaka mtu mwenye taa ameangalia. Si mafuta, si kitunguu saumu, si pamba za vijiti, si matone ya duka.

Mke wangu analala upande wangu wa kulia, anasema ndoa imetulia sana tangu sikio life. Nacheka naye. Ila msikitini au kwenye kikao cha mtaa watu wakiongea wawili kwa pamoja naambulia minong'ono tu, na ule mvumo haujazimika mpaka leo.

Ukiwa mjini nenda General, ile hospitali ya rufaa ya mkoa, au Hospitali ya Benjamin Mkapa, ulizia daktari wa masikio. Mapokezi usiseme "sikio limeziba", utapangwa na watu wa nta. Sema "nimeacha kusikia ghafla tangu Jumapili", na uitaje siku, kisha omba upimwe usikivu. Kama kichwa kinazunguka, useme pia. Uso ukipinda au mkono ukiishiwa nguvu, hapo usipange foleni kabisa, ingia moja kwa moja dharura. Kama hela ndiyo kikwazo, kopa kwa huyo mjomba anayepasha mafuta.

Ukitoka kwa daktari rudi hapa uandike amekuambia nini.