Maswali yenu: Huyu mama wa rozari ni nani?

SWALI: Habari ya kazi. Nilinunua picha ya fremu hapa soko ya Kakamega, ni mama mzee ameinama, kofia nyeupe kichwani, mikono imeshika rozari, nyuma ni giza tu. Mke wangu anasema ni mtakatifu na ashaitundika karibu na msalaba, mimi naona ni mama wa kawaida kabisa, anafanana na kukhu (nyanya) yangu aliyekata miwa huko Mumias mpaka mgongo ukakataa. Ni nani? Na kwani Wazungu walikuwa wanachora hata watu wa kazi za mikono?
– Msomaji, Kakamega

JIBU: Ndugu yangu, huyo si mtakatifu, ni mfanyakazi wa nyumbani. Mchoraji ni Paul Cézanne, Mfaransa wa Aix-en-Provence, aliichora 1895 ama 1896 hivi, na ile orijino iko National Gallery ya London tangu 1953. Stori ya mama tunaipata kwa rafiki ya Cézanne, mshairi Joachim Gasquet: ati alikuwa sista, imani ikamwisha, akiwa na miaka 70 akapanda ngazi akaruka ukuta wa konventi, akawa anazurura tu mpaka Cézanne akamwonea huruma akampa kazi. Alafu sasa, hapo ndio nilicheka, ati alikuwa anararua shuka za bosi anamuuzia vipande vya kupangusia brashi! Gasquet lakini alijulikana kwa kutia chumvi, kwa hivyo usimeze kila kitu.

Swali la pili, ndio, walichorwa, ila tajiri ndiye alikuwa analipa achorwe apendeze, mtu wa kazi alichorwa tu kama mchoraji mwenyewe ametaka. Van Gogh kule Nuenen, Uholanzi, 1885, alichora vichwa vya wakulima vingi sana kabla ya ile picha yao wakila viazi.

Sasa simama karibu na hiyo yako uangalie mikono. Vidole ni vinene vimekazana kwa rozari, rangi imewekwa mipigo mipigo, hakuna kulainisha, na uso haujaongezewa urembo wowote, macho yako chini kama mtu ana mambo yake na hana haja na wewe. Kwangu hapo ndipo utamu wa hiyo picha uko, na nadhani ndio maana ulimwona kukhu. Na ukiona kona ya chini kushoto inakaa kama ilinyeshewa usirudi kugombana na aliyekuuzia, Gasquet alisema aliikuta orijino imetupwa sakafuni bomba ikiidondokea, na alama ziko mpaka leo.

Kwa msalaba acha ikae tu, si mama ameshika rozari. Ila hiyo ya ngazi ngoja kwanza ukule supper ndio umwambie mama watoto.