Nywele kupukutika kando ya kovu la kisogoni

Ndugu yangu, nimekuelewa: ni wiki ya 6 tangu upandikizwe nywele, na sasa zile za kisogoni, kando ya kovu ulikokatwa ukanda wa ngozi wenye nywele za kupandikiza, zinapukutika hata kinyozi wako wa Ngamiani ameshtuka. Nami zilinitoka hivyohivyo, nikiziokota kwenye mto wa kulalia kila asubuhi. Mshono unapovuta ngozi, damu hupungua kwa muda na mizizi ya nywele hupumzika. Mara nyingi huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4, kwanza zikiwa nyembamba. Usikune, usipake habasoda (najua utashauriwa), na juani vaa kofia isiyobana. Ukiona usaha, homa au maumivu yanayozidi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Miezi 6 ikipita pakiwa patupu, muone daktari wa ngozi.