Maswali yenu: Kozi ya shilingi 18,000, ninunue?

SWALI: Ninatengeneza peke yangu programu ya kuwasaidia wenye maduka kupokea oda na kulipwa kwa M-Pesa. Sina mshirika wala mfadhili. Nimeona kozi ya mtandaoni ya waanzilishi, saa 40 za video, shilingi 18,000, na tangazo linasema ofa inaisha usiku wa leo. Nitajuaje kama inafaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ile saa inayohesabu kurudi nyuma isikukimbize. Fungua ukurasa uleule kwa kivinjari kingine. Ikianza upya, ofa haiishi leo wala kesho.

Sasa andika kwa sentensi moja pale ulipokwama. “Nataka kujua biashara” haitoshi. Andika kitu kama “wenye maduka saba wamejaribu, hakuna aliyerudi wiki ya pili”, kisha litafute jibu lake kwenye orodha ya masomo. Lisipokuwemo, saa 40 hazitakufaa. Na saa hizo nazo zina bei: video ya 480p hula takriban nusu GB kwa saa, kwa hiyo ongeza kama GB 20 za bando juu ya ile 18,000. Uliza kama masomo yapo kwa maandishi pia.

Kabla ya kulipa, tafuta somo la sampuli ulipime kwa jambo unaloweza kulihakiki mwenyewe. Kwa kozi inayojiita ya Kenya, anza na kodi ya TOT, ile inayotozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3 na kushusha kikomo cha mauzo ya mwaka kutoka milioni 50 hadi milioni 25. Mwalimu akitaja asilimia 1, video ni ya kabla ya hapo, hata kama ukurasa umepambwa kwa tarehe ya mwaka huu.

Kwa kazi yako, kipimo kikali zaidi ni somo la malipo. Ukituma ombi la STK, lile linalomtokea mteja kwenye simu likimtaka aweke PIN, kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, jibu la kwanza lenye ResponseCode 0 lina maana moja tu: ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka PIN. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani yako ya kupokelea majibu, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi. Somo linaloandika “imelipwa” kwenye jibu la kwanza litakufanya utoe mali bure. Kosa hilo halionekani kwenye video, maana mwalimu huwa analipa kweli kila mara. Sikiliza pia kama anasema anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje. Ukiweka localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe, majibu hayafiki, na utamaliza siku mbili ukiilaumu Daraja. Mazingira yake ya majaribio ni ya bure. Fuata somo hatua kwa hatua, ghairi malipo makusudi, kisha tazama programu imeandika nini.

Kozi nyingi za Udemy zina siku 30 za kurudishiwa pesa, basi fanya kipimo hiki wiki ya kwanza. Anayetaka utume M-Pesa kwenye namba yake binafsi, bila masharti yoyote ya maandishi, chukulia kwamba harudishi.

SWALI: Startup School, kozi ya mtandaoni ya Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye biashara changa, ni ya bure. Je, inatosha?

JIBU: Nusu yake. Masomo ya kuzungumza na wateja, kupanga bei na kutoa toleo dogo mapema yanafaa Mombasa kama yanavyofaa San Francisco. Ya SAFE, mkataba wa kupokea pesa za mwekezaji sasa na kumpa hisa baadaye, na ya kusajili kampuni Delaware, jimbo la Marekani, yaruke kwa sasa. Fomu ya 83(b), yenye kikomo chake cha siku 30, ni ya kodi ya Marekani na haikuhusu. Usajili wa biashara uko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kwa namba za simu za wateja soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kozi ya California haitakutajia.

SWALI: Na cheti?

JIBU: Mwenye duka hatakiuliza. Usikiongezee hata shilingi.