Usiihamishie kompyuta ya steshenari mipangilio ya seva

Januari, mvua ya Mbeya haikatiki. Dada mmoja mwenye steshenari pale Mwanjelwa alihamisha picha za kipaimara kutoka kadi ya kamera, akaona zimekamilika, akamrudishia mpiga picha kadi yake, naye akaifuta papo hapo. Dakika haikupita, umeme ukakatika. Ulipowaka, majina ya mafaili yalikuwepo, ukubwa wake sifuri.

Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla nilinakili kwenye Linux ya mashine ile mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo kinachosimamia RAM na diski) niliyoizoea kwenye seva: vm.dirty_background_ratio (asilimia ya RAM ambapo kerneli huanza kuandika diskini chinichini) kutoka 10 hadi 40, vm.dirty_ratio (asilimia ambapo programu hulazimika kusubiri uandishi huo) kutoka 20 hadi 60, na vm.dirty_expire_centisecs kutoka 3000 hadi 12000. Maana yake, kerneli iliruhusiwa kulimbikiza data nyingi kwenye RAM, na kukaa nayo dakika mbili badala ya sekunde 30 kabla ya kuiona imezeeka na kuipeleka kwenye diski. Kwenye seva ile kazi ilienda kasi bila hatari kubwa, kwa kuwa ina betri na jenereta, na hifadhidata yake yenyewe huilazimisha kerneli kuandika kila muamala. Kunakili picha hakulazimishi chochote. Yule dada hana hata UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta.

Tangu hapo kompyuta za mezani naziwekea kikomo kwa baiti, siyo asilimia: vm.dirty_background_bytes MB 16, vm.dirty_bytes MB 64. Ukiweka cha baiti, cha asilimia kinajifuta chenyewe. Flashi za bei rahisi nazo zinafaidika, maana mashine haigandi tena ikisubiri gigabaiti nzima ishuke.

Kuhusu vm.swappiness, yaani jinsi kerneli inavyopendelea kuhamisha data kutoka RAM kwenda swap (nafasi ya akiba, kwa kawaida diskini), ile 60 ya kawaida iache mpaka uwe na sababu. Seva ya hifadhidata naishusha hadi 10. Mashine ya RAM ndogo yenye zram (swap iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe) naipandisha, kwa sababu kubana data ndani ya RAM ni haraka kuliko kuisoma upya kutoka diski inayozunguka.

Jaribu kwanza kwa sysctl -w, amri ya kubadili mipangilio hii kwa muda, badiliko moja tu, kisha mwachie mwenye mashine afanye kazi zake siku mbili tatu. Likiharibika, washa upya, linatoweka. Likimfaa ndipo uliandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, na pembeni yake uandike thamani ya zamani na sababu ya kuibadili. Mimi sikuwa nimeandika, na jioni ile, yule dada akilia mbele yangu, ilinichukua saa nzima kukumbuka nilichogusa.