Kuhusu kurejesha kikomo cha riba

Ndugu yangu, umeuliza kama kurejesha kikomo cha riba kungewasaidia wachuuzi wetu wa soko la Kongowea, Mombasa. Kwa maoni yangu, hakutawasaidia. Sheria ya 2016 ilizizuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia, na nia yake ilikuwa njema. Lakini benki, zilipoona kwamba haziwezi kumtoza mkopaji mdogo kulingana na hatari yake, zilipendelea kuikopesha serikali kupitia hati za hazina, hata kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Jirani yangu auzaye vitunguu sokoni humo alikataliwa mkopo mara mbili na benki moja, daftari la mauzo mkononi, kila ukurasa umejaa hesabu safi za siku hadi siku, akaishia kukopa kwa simu, mkopo wa siku 30. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Kinachohitajika zaidi ni daftari kama lile likubaliwe kuwa ushahidi wa uwezo wa kulipa, na kumbukumbu za mikopo zitumike pia kuwapa nafasi waliolipa vizuri, si kuwanyima waliochelewa pekee.