Nilivyoiharibu Riwaya Yangu ya Wakimbizi wa Tengeru

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia akiniuliza aanzie wapi, kwa kuwa naye anataka kuandika riwaya ya vijana kuhusu wakimbizi wa vita. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa, maana swali lake lilinitonesha donda nililodhani limepona.

Mswada wangu wa kwanza ulihusu Wapolandi waliohifadhiwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia mwaka 1940 Wasovieti waliwang'oa makwao mashariki mwa Poland na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 maelfu yao walivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran, na baadhi yao, hasa wanawake na watoto, wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilipokea watu wapatao 5,000. Yote hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu, na kosa langu ni kwamba niliyamwaga yote katika sura mbili za mwanzo. Mhusika wangu mkuu, msichana wa miaka 14, alifungua kinywa kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa 31.

Mhariri aliurudisha mswada akiwa ameandika pembeni: Wazungu hawa wanawahusu nini vijana wetu? Niliumia, na sitaficha kwamba bado inaniuma, kwa sababu nina hakika hakufika hata huo ukurasa wa 31. Hata hivyo, swali la dharau laweza kuwa swali la haki.

Jibu nililipata makaburini. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru hadi leo, na siku niliyokwenda mtunzaji alikuwa akifagia majani makavu katikati ya misalaba, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wa kwao. Nilisimama kwenye kaburi la mtoto, fupi, la hatua mbili tu, nikajiuliza ni nani aliyelichimba. Katika kurasa zangu zote hapakuwa na Mmeru hata mmoja aliyeshika jembe, aliyeuza ndizi, wala aliyesimama kando ya njia akitazama.

Basi nikaanza upya, na sasa anayesimulia ni mvulana wa Kimeru. Mvulana huyo amezoea kuwaona Wazungu wakitoa amri. Kisha siku moja anamwona mwanamke wa Kizungu mwenye gauni la viraka akifua nguo nje ya nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi, na hajui amwamkieje. Hapo hadithi ilipata pumzi. Tena ilipata mwisho ambao nisingeweza kuubuni: mwaka 1951, wakati wakimbizi wa mwisho wakiendelea kutawanyika, serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, akaenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Mvulana aliyewatazama wakimbizi anaishia kubeba godoro lake mwenyewe. Mhariri yule angesubiri, angelipata jibu lake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na mtu anayetazama. Usianze na mikataba wala majenerali. Msiba uliosahauliwa haukusahauliwa na kila mtu. Yupo aliyeuona na ambaye hakuna aliyemwuliza, na kazi yako wewe mwandishi ni kumwuliza. Soma tarehe zote, zijue, kisha uzifiche kama mpishi anavyoificha chumvi. Na uende mahali penyewe ukiweza. Vijana hawachukii historia jinsi tunavyowasingizia. Wanachukia kuhubiriwa, jambo ambalo natambua nalifanya sasa hivi.

Mswada mpya umekubaliwa mwezi uliopita na mchapishaji mwingine, baada ya miaka ambayo sina haja ya kuisimulia. Unaanza na sauti ya jembe likigonga jiwe asubuhi, na baba wa mvulana akimwambia asogee, shimo hili si refu. Nitumie na wewe ukurasa wako wa kwanza. Nikikuta mwaka umeandikwa humo, nitakurudishia.